Gauni Kwenye Karatasi ya Tano

Jumatano moja, jogoo wa jirani akiwa bado anajadiliana na nafsi yake kama kumekucha au la, Mama Pasi aliweka nukta ya mwisho kwenye kitabu chake cha tatu. Akaipulizia wino ukauke, akasema, "Ahsante, Mola wangu," akainuka kwenda kuwasha pasi. Kwake yeye kazi haikuwa na fungate. Kitabu kikiisha, mashati yapo.

Mama Pasi alikuwa dobi, na alikuwa mtunzi wa hadithi, wala hakuona kama mmoja anamwibia mwenzake nafasi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, rafu mbili ukutani, na dirisha lililotazama njia. Nyuma, uani, kamba tatu za kuanikia. Nguo za watu zilikaa mkono wa kulia wa meza. Mkono wa kushoto zilikaa karatasi.

Karatasi zenyewe zilikuwa za kaki, zile pana za rangi ya udongo ambazo madobi hufungia nguo. Zamani alijaribu kuandika kwenye daftari jeupe, akashindwa. "Karatasi nyeupe inanitazama kama mkaguzi," alimwambia mumewe. "Hii ya kaki inanitazama kama jirani." Mumewe, fundi bomba asiye na maneno mengi, alimjibu kuwa aandike hata ukutani, mradi chai iwepo.

Alitunga akiwa amesimama. Shati lina utaratibu wake: kola, mabega, mikono, kifua, mgongo. Mikono ikishaijua njia, kichwa huwa huru kutembea. Akinyoosha kola alitafuta sentensi ya kwanza, kwa kuwa kola ndiyo inayotazamwa na watu. Lakini alijua pia kuwa mtu hutokwa jasho mgongoni, kwa hiyo katikati ya hadithi hakupaacha na mikunjo hata kama hakuna wa kupaona. Mashati kumi yakiisha, aliketi akaandika alichokinyoosha. Sura ikikamilika, alizipitishia karatasi zake pasi ya uvuguvugu zilale sawasawa, akazipanga rafu ya juu. Mhariri wake alikuwa akisema kuwa katika miaka yote ya kazi hajapokea mswada mwingine uliopigwa pasi.

Karatasi iliyokosewa haikutupwa. Aliipiga mstari mmoja mrefu kutoka pembe hadi pembe, akaiweka ncha ya kushoto ya meza, nayo ikaenda kufungia nguo za mteja, maandishi yakiwa kwa ndani. Mtaa ulishazoea. Mtu alifungua furushi la suruali zake akakuta nusu ya ugomvi wa wake wenza, au harusi isiyo na bwana harusi. Wengine walizisoma, wengine waliwashia jiko. Mama Pasi hakujali. Aliyeliwashia jiko neno lake bovu amemfanyia hisani.

Mzani wake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kuwasalimu kwa wiki mbili na huu ukawa mwaka wa tisa. Wifi ndiye aliyekunja nguo, akazifunga, akazipeleka kwa wenyewe. Kila sura alisomewa yeye kwanza. Mama Pasi hakumuuliza imekuwaje, kwa kuwa wifi kumsifu wifi mwenzake ni jambo la kusubiriwa na wenye umri mrefu. Alitazama mikono yake. Mikono ikiendelea kukunja, sentensi ilikuwa bado mbichi, irudi kambani. Mikono ikisimama, sentensi ilibaki.

"Huyu mwanamume wako anasema sana," wifi alipenda kulalamika, akikunja. "Kaka yangu miaka ishirini na nane hajasema hata nusu yake."

"Ndiyo maana nimelazimika kutunga mwingine, wifi."

Mzee mmoja wa pale wanaposali aliwahi kumwita pembeni na kumuuliza kwa upole kama haogopi, mama mcha Mungu kama yeye, kuandika mambo ya uongo. Mama Pasi hakuhitaji kufikiri. "Mwongo hukuambia jambo akitaka uliamini, mzee wangu. Mimi namwambia msomaji mlangoni kabisa kuwa natunga. Akiingia, ameingia kwa miguu yake." Mzee akatafakari, akauliza kitabu kinapatikana wapi.

Hilo basi halikumsumbua. Kilichokuwa juu ya yote kwake ni amana. Nguo ya mtu ni amana. Dobi huona mengi: risiti mfukoni, rangi ya mdomo isiyo ya mwenye nyumba, shuka za mgonjwa ambaye majirani wanaambiwa amesafiri. Mama Pasi aliyaona, akayafua, akayanyamazia. Alijivunia jambo moja, naye Mungu amsamehe kwa kujivuna, kwamba katika miaka ishirini na mbili hakuna neno lililotoka kwenye beseni lake likafika barazani.

Mpaka alipofika sura ya mwisho ya kitabu cha tatu.

Katika wateja wake alikuwemo Fundi Saa, mwanamume wa makamo aliyefiwa na mkewe miaka minne nyuma. Kila wiki Fundi Saa alileta mashati mawili, suruali moja, na gauni la kike la kijani lenye vifungo vyeupe. Gauni la marehemu. Hakuna aliyelivaa, na kila wiki lilirudi kufuliwa. Mama Pasi hakuuliza. Alilinyoosha polepole kuliko nguo nyingine zote, na kwa kuwa mikono ilikwenda polepole, kichwa kikatembea mbali. Ndipo kwenye karatasi ya tano ya sura ya mwisho akatokea mjane wa kiume anayepeleka gauni la marehemu mkewe kwa dobi kila wiki, hadi siku moja analitoa sadaka kwa mwanamke asiyemjua na kurudi nyumbani akiwa mwepesi. Kitabu kizima kilikuwa kikielekea hapo. Wifi aliposomewa, mikono yake ilisimama kwa muda ambao Mama Pasi angeweza kunyoosha leso mbili.

Alijiambia hakuna ubaya. Jina hakulitaja. Vifungo alivibadilisha, akavifanya vyekundu.

Sasa turudi Jumatano ile. Nukta imewekwa, pasi imepata moto. Kesho yake, Alhamisi, mswada ulitakiwa uwe mezani kwa mhariri kabla ya saa sita mchana. Mhariri alikuwa amemwambia wazi: alasiri ile vitabu vya mwaka vinaingia mtamboni, na kitakachochelewa kitangoja mwaka mwingine. Mama Pasi hakuwa na wasiwasi wowote. Alizipiga pasi karatasi sita za sura ya mwisho, akazilaza mezani zipoe, kwa sababu kaki ikiinuliwa na moto wake hujikunja kama jani. Kulia kulijaa mashuka ya nyumba ya wageni, hivyo akazilaza penye nafasi. Penye nafasi palikuwa ncha ya kushoto.

Manyunyu yakaanza. Akakimbilia uani kuanua nguo, na mashuka yalikuwa mengi. Kisha akapitiwa na jirani mwenye maneno marefu. Aliporudi, ncha ya kushoto ya meza ilikuwa tupu, imefutwa hata vumbi.

Wifi aliingia kutoka njiani, kapu mikononi, amefurahi.

"Leo nimewahi. Mafurushi sita yote yamefika kwa wenyewe."

"Umeyafungia nini, wifi?"

"Si zile karatasi zako mbovu? Nikasema leo umenionea huruma, umenihesabia sita kamili. Na umezipiga pasi, nikajua umeamka vizuri."

Mama Pasi akashika ukingo wa meza. "Zilikuwa na mstari?"

Wifi akafikiri. Uso wake ukaanza kushuka taratibu, kama unga kwenye ungo. "Mstari sikuuona. Lakini mara nyingi unasahau kupiga, wifi, nawe unajua."

Ilikuwa kweli, na Mama Pasi hakuwa mtu wa kuibishia kweli kwa kuwa imemuumiza. Akavua aproni. "Nipe orodha ya leo. Nani amepata nini."

Wifi akazitaja nyumba kwa vidole, na alipofika kidole cha sita akasema, "Na Fundi Saa, gauni lake na mashati."

"La Fundi Saa umelifungia karatasi ipi?"

"Wifi, mimi najua karatasi ipi ni ipi? Nimefunga nguo, sikufunga sura."

Wakatoka pamoja. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, ambaye kwa kawaida kila karatasi mbovu iliyomfikia aliisahihisha kwa wino mwekundu na kuirudisha na nguo chafu za wiki iliyofuata. Walimkuta barazani, kalamu mkononi. Karatasi ya kwanza ilikuwa na alama nyekundu kama mtoto mwenye surua.

"Safari hii umejitahidi," mwalimu akasema. "Nimekupa saba kwa kumi."

"Nashukuru, mwalimu. Tatu zimekwenda wapi?"

"Unaanza sentensi na 'na'. Mara mbili."

"Na nitaendelea," Mama Pasi akasema kwa adabu, akaipokea.

Ya pili ilikuwa kwa muuguzi, imeshatandikwa ndani ya droo ya vijiko. Akavitoa vijiko, akaitoa. Ya nne ilikuwa kwa mlinzi wa benki, bado ipo kwenye furushi, hajalifungua. Ya tatu ilikuwa kwa dereva wa lori la maji, naye alikuwa ameikunja vizuri na kuiweka mfukoni aje kumsomea mkewe. Ya sita ndiyo iliyowachelewesha. Ilikuwa saluni, na msusi alikuwa ameiegemeza kwenye kioo, anaisoma kwa sauti huku anasuka, wanawake watatu wametulia kama wako darasani.

"Tulikuwa tunakungoja," msusi akasema, hakuitoa. "Hapa mwisho anamfungulia mgeni mlango. Mgeni gani? Ni yule dada yake aliyemwacha kituoni?"

"Kitabu kikitoka utajua."

"Mama Pasi, usitufanyie hivyo. Mimi nina kichwa cha mtu nusu hapa."

"Maliza nusu iliyobaki, nami nimalize yangu." Akanyoosha mkono, na mkono wake ulikuwa na utulivu wa mtu anayedai kilicho chake. Msusi akacheka, akaitoa. Mwanamke aliyekuwa anasukwa akasema nyuma yao kwamba lazima ni yule dada, yeye amekwisha kumjua.

Zikawa tano. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya sita. Njiani wifi alihesabu mara mbili, kisha akasimama.

"Fundi Saa ana ya tano," akasema. "Ya gauni."

"Naam."

"Na gauni lenyewe ndani yake."

"Wifi, naomba urudi nyumbani. Hapa naingia peke yangu."

Wifi hakutania. Alichukua zile karatasi tano, akazibeba kifuani kama mtoto, akaondoka.

Duka la Fundi Saa lilikuwa upenuni, na upana wake ulikuwa wa meza moja na mtu mmoja. Saa zilijaa ukutani, kila moja na saa yake, kwa kuwa zilikuwa wagonjwa; moja tu juu ya meza ndiyo iliyosema kweli, na ilisema saa kumi kasorobo. Kwenye mlango wa ndani, msumarini, lilitundikwa gauni la kijani, limetoka kufunguliwa, mikunjo ya furushi ingali inaonekana. Chini ya kioo cha meza, pale fundi anapopanga skrubu ndogo kuliko chawa, ililazwa karatasi ya tano.

"Kaa, dada," Fundi Saa akasema. Akatoa lenzi yake ya kazi jichoni.

Mama Pasi akakaa kwenye kigoda. Alikuwa ameandaa maneno njiani, mazuri, yaliyonyooka. Yote aliyaacha.

"Umeisoma, fundi?"

"Mara mbili. Mara ya kwanza kama msomaji. Mara ya pili kama mwenye gauni."

"Sikukuomba ruhusa."

"Hukuniomba."

"Nguo zako ni amana kwangu. Nimeichukua amana nikaitia kalamu. Nimekosa, na sina la kujitetea."

Fundi Saa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa saa akakuta kweli imeharibika pale mwenyewe aliposema. "Umekosa. Basi, hilo limekwisha. Sasa tuseme la pili. Umeandika vizuri, ndiyo maana imeniuma. Ila nikuulize. Huyu mtu wako anapeleka gauni kufuliwa kwa sababu ya majonzi?"

"Ndivyo nilivyodhani."

"Mimi nalipeleka kwa sababu ya vumbi." Akaonyesha mlango wa ndani. "Linatundikwa pale, njia iko hapa, magari yanapita. Kwa wiki moja linakuwa jekundu. Nguo chafu hufuliwa. Hapo pana majonzi gani?"

Mama Pasi akalitazama gauni. "Na kwa nini linatundikwa pale?"

Fundi Saa akacheka kidogo. "Kwanza, kwa ajili ya mashemeji na mashangazi. Mwaka ule wa msiba walinipangia wachumba foleni hapa mlangoni, kila mmoja na mpwa wake. Nilipolitundika gauni, wanachungulia, wanaona nguo ya mwanamke, wanaona haya, wanasema wamekuja kuuliza saa ngapi. Kwa fundi wa saa, hiyo si hasara."

Mama Pasi naye akacheka, na kicheko kilimfungua kifua. Fundi Saa aliinamia meza. Alichukua skrubu moja kwa kibano, akaitazama, akairudisha.

"Na pili," akasema, "ukifanya kazi umeinamisha kichwa muda mrefu, halafu ukakiinua kwa ghafla, kabla jicho halijatulia, hujui kama ni gauni tupu. Ni kitambo kidogo tu, sekunde haijatimia. Mimi ni mtu wa saa, nimeipima." Akaionyesha karatasi kwa kidole. "Huyu mtu wako unamfanya alitoe, arudi nyumbani mwepesi. Dada, umelinyoosha gauni hili miaka minne. Uliniona mzito?"

"Hapana," Mama Pasi akasema, na alipolisema akajua kuwa kweli hakuwahi kumwona mzito. Ni kitabu kilichotaka mtu mzito, kikamtafuta.

"Hiyo sekunde usiiandike."

"Siiandiki."

"Na gauni litoe. Mtu wako abaki, sina ugomvi naye. Mjinga kidogo, lakini atakua. Karatasi ni yako, gauni ni langu."

Akainua kioo, akaitoa karatasi, akampa. Mama Pasi aliishika. Aliijua kila sentensi iliyomo, alijua ni ipi iliyomgharimu asubuhi tatu. Kesho saa sita. Akaomba kalamu. Fundi Saa akampa ya kwake, nyembamba, ya kuandikia vibandiko. Mama Pasi akailaza karatasi juu ya kioo, akapiga mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe.

"Sasa ni mbovu," akasema. "Ifungie chochote."

Nyumbani wifi alikuwa ameziweka tano rafu ya juu, na chai tayari, jambo lililoonyesha jinsi alivyojuta. Aliposimuliwa, sekunde ile ikiwa imeachwa, akapata dawa hapohapo.

"Rahisi. Gauni lifanye koti. Mwanamume mfanye mwanamke. Nani atajua?"

"Yeye atajua. Na aliye juu atajua. Nguo ya wizi ukiipaka rangi nyingine, wifi, imeacha kuwa ya wizi?"

Wifi akavuta midomo. "Kweli. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri..."

"Malizia mwenyewe, mimi nimeshasali."

"Nami nimeshasali. Tuiache hivyohivyo."

Wakacheka wote wawili, na mumewe aliyekuwa anavua viatu mlangoni akauliza kuna nini, akaambiwa hakuna kitu, akaridhika.

Mama Pasi hakuandika jioni ile. Hakuwa mtu wa kuishindanisha akili iliyochoka. Aliosha vyombo. Vikombe vitano, sahani, na mwisho, kama kila jioni, kijiko kidogo cha dawa chenye mpini uliopinda. Akakisugua, akakifuta, akakilaza kifudifudi mwisho wa kabati. Mkono ukabaki juu yake.

Kijiko kile kilikuwa cha mama yake, aliyeugulia katika chumba cha nyuma na kufia humo. Miaka saba ilikuwa imepita, na hakuna aliyekinywea dawa tangu hapo, na hakuna jioni ambayo hakikuoshwa. Hakuwahi kumwambia mtu. Mwenyewe hakuwahi kujiambia. Alifanya tu.

Alhamisi baada ya sala ya alfajiri akawasha pasi, akatandaza shati. Akaanza na kola, akasimama. Akaliweka shati kando, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akachukua karatasi ya kaki akaandika akiwa amesimama vilevile, kalamu mahali pa pasi. Aliandika juu ya yule mjane wake wa kiume, akamnyang'anya gauni, akampa kijiko. Akampa mama mgonjwa chumba cha nyuma. Akampa alasiri moja ambayo mama anaita dawa, na mwana yuko kazini kwake upande wa pili wa ukuta, anajibu, "Subiri kidogo nimalizie hiki," na kile anachokimalizia hakikuwa kikubwa, kilikuwa kola ya shati la mtu. Anapokwenda na kijiko, anamkuta mama amelala vizuri. Anaona vibaya kumwamsha. Anarudi na kijiko kikiwa kimejaa, na mama haamki tena.

Hakumfanya aache kukiosha. Alimfanya akioshe, akifute, akilaze mahali pake. Halafu mlango unabishwa, naye anakwenda kuufungua akiwa na mikono yenye maji. Hapo karatasi ya tano ikaungana na ya sita bila mshono, kama kwamba ilikuwa ikiingojea tangu mwanzo.

Saa mbili wifi akaketi na kapu la nguo, akaanza kukunja. Mama Pasi akasoma. Mikono ilikunja taulo, ikakunja taulo la pili. Ilipofika penye kola, ikasimama. Mama Pasi akasoma hadi mwisho, akainua macho. Mikono ya wifi ilikuwa ingali imeshika taulo hewani.

"Siku ile nilikuwepo," wifi akasema. "Nilikuwa humuhumu ndani. Hukusema."

"Sikusema."

"Kila jioni nakiona kile kijiko, najua unakipenda tu."

"Nakipenda, wifi."

Wifi akalikunja lile taulo lililokuwa mkononi, akalikunjua, akalikunja tena. "Hiyo usiipige mstari," akasema. Katika miaka tisa hilo ndilo alilowahi kusema karibu zaidi na sifa.

Mama Pasi akaipitishia pasi, safari hii akaingoja ipoe akiwa amesimama juu yake kama askari. Akazifunga sura zote kwa kamba, akavaa viatu vizuri. Saa tano na nusu alikuwa mezani kwa mhariri, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Mhariri akaruka moja kwa moja hadi sura ya mwisho, kama wafanyavyo, akasoma palepale. Kwenye karatasi ya tano akavua miwani.

"Katika mpango ulioniletea mwezi wa tatu hapa palikuwa na gauni."

"Palikuwa."

"Hiki kijiko umekitoa wapi?"

"Kwangu."

Mhariri akaisogeza karatasi puani. "Na bado inanukia moto."

"Imetoka kwenye pasi asubuhi hii," Mama Pasi akasema. "Lakini harufu hata ikiisha, mama, imeiva." Hakusema kwa kujitapa. Alisema kama anavyosema kuhusu shati, kwa kuwa alikuwa amelikagua kola, mikono na mgongo, akaliona liko sawa. Mhariri akaufunga mswada na kuuweka juu ya mingine yote iliyokuwa ikingoja kwenda mtamboni.

Jumatano iliyofuata, furushi la Fundi Saa alilipeleka mwenyewe. Alikuwa amelifunga kwa karatasi mpya, hajaiandika hata nukta. Fundi Saa akafungua kamba, akatoa mashati, akatoa suruali, akalishika gauni kwa mabega na kulitundika mahali pake. Kisha akaichukua karatasi, akaitazama upande mmoja, akaigeuza upande wa pili.

"Tupu?"

"Tupu, fundi. Nilidhani ni heshima."

"Heshima nimeiona. Lakini dada, miaka minne yote nimekuwa nikizisoma zile mbovu na chai yangu ya jioni. Nina harusi haina bwana harusi tangu mwaka jana, hata sijui aliishia wapi." Akaikunja karatasi tupu, akaiweka chini ya meza. "Wiki ijayo nifungie iliyoandikwa. Yenye mstari."

"Yenye mstari," Mama Pasi akaahidi.

Akainuka. Upepo wa gari lililopita ukalitikisa gauni mlangoni, na vumbi la wiki mpya likaanza kutua juu yake. Mama Pasi alilitazama mara moja, akaliacha palepale, akaenda zake. Njiani kichwa chake kilikuwa kimeanza kutafuta sentensi ya kwanza ya kitabu cha nne, na nyumbani mashati yalikuwa yanamngoja.